Katiba Iliyokatika Mistari: Isafishe Bila Kuichapa Upya

Swali la katiba iliyokatika mistari linatoka kwa makatibu wa vikundi, makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), walimu na vijana wa maduka ya steshenari, kuanzia Mbinga mjini na Maguu mpaka Liuli na Lituhi kule ziwani. Maneno yanatofautiana, shida ni ileile. Mtu amepokea katiba ya kikundi kingine kwa WhatsApp, faili la PDF. Ameikopi, ameipesti kwenye Word ili abadilishe jina la kikundi na kuongeza ibara mbili tatu. Anakuta kila mstari umekatika kabla ya kufika ukingoni. Akiongeza neno moja, neno la mwisho linaanguka peke yake mstari wa chini. Akipunguza ukubwa wa herufi, upande wote wa kulia unabaki mtupu. Ukurasa wa nne una mistari miwili, wa tano hauna kitu, wa sita umelala ubavu.

Usiichape upya, na usikeshe ukibonyeza Delete mstari kwa mstari. Word ina chombo cha kutafuta na kubadilisha, kinachofunguka kwa kubonyeza Ctrl na H kwa pamoja. Wengi wanakitumia kubadilisha jina la mwenyekiti wa zamani kuweka la mwenyekiti mpya. Lakini chombo hichohicho kinatafuta hata vitu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vilivyoiharibu katiba yako.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu nyaraka hizi zina kazi kubwa. Kikundi kinachoomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kinapaswa kuwa na katiba. AMCOS ya kahawa ina masharti yake, BMU ya wavuvi (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) ina kanuni zake, kijiji kina mihtasari ya mikutano yake. Anayechapa upya kurasa 20 usiku, macho yamechoka, ataruka kipengele bila kujua, au ataandika 50,000 mahali pa 5,000. Chombo cha kutafuta na kubadilisha hakigusi namba wala neno ambalo hukukiagiza kuligusa.

## Washa alama zilizofichwa

Bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja, au bofya kitufe chenye alama ¶ juu ya ukurasa. Zitatokea alama ambazo haziprintiwi. Zinazokuhusu ni hizi:

- ¶ ni kikomo cha aya. Kinawekwa na Enter. Kwenye kutafuta kinaandikwa ^p
- Mshale uliopinda kurudi kushoto ni kikomo cha mstari. Kinawekwa na Shift na Enter. Kinaandikwa ^l, ile ni herufi L ndogo
- Nukta zenye maneno Page Break ni kikomo cha ukurasa. Kinawekwa na Ctrl na Enter. Kinaandikwa ^m
- Nukta za mistari miwili zenye maneno Section Break ni kikomo cha sehemu. Kinaandikwa ^b
- Mshale mnyoofu wa kwenda kulia ni Tab. Unaandikwa ^t

Alama ya ^ kwenye kibodi nyingi iko juu ya namba 6, unaipata kwa Shift. Herufi inayofuata lazima iwe ndogo. Ukiandika ^P kubwa, Word itakataa.

Sasa tazama waraka wako. Kama mwisho wa kila mstari kuna ¶, basi Word inaamini una aya mia tano, kila moja ya mstari mmoja. Ndiyo maana haikubali kuyapanga maneno upya. Baada ya hapo unajua cha kutafuta. Anayeanza kubadilisha bila kuwasha alama anabahatisha.

## Kabla ya kugusa chochote

Hifadhi nakala ya pili ya faili kwa jina jingine na ufanyie kazi nakala hiyo, ile ya kwanza ikae pembeni. Ctrl na Z inarudisha nyuma ulichofanya, lakini umeme ukikatika au faili likifungwa, hatua hizo za kurudi nyuma zimepotea. Kila hatua ikienda vizuri, hifadhi.

Kama waraka una majedwali, nyimbo au orodha ndani yake, chagua kwanza kwa kipanya zile kurasa za maelezo ya kawaida tu. Ukibofya Replace All, Word itafanya kazi kwenye sehemu uliyochagua, kisha itauliza kama iendelee na waraka uliobaki. Jibu hapana. Mtu akijibu ndiyo kwa mazoea tu, orodha yake ya wanachama inageuka aya moja ndefu.

## Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Ukifuta ¶ zote mara moja, katiba nzima itakuwa aya moja isiyo na pumzi. Ni lazima kwanza uzilinde ¶ za kweli, zile zinazomaliza aya, kama mkulima anavyoweka vijiti kwenye miche michanga ya kahawa kabla ya kuanza kupalilia. Kijiti chetu ni alama isiyotumika mahali popote kwenye waraka. Mimi natumia @@@. Hakikisha haimo humo tayari.

Fungua Ctrl na H. Kisanduku cha juu, Find what, unaandika unachotafuta. Cha chini, Replace with, unaandika kinachoingia mahali pake. Fuata mpangilio huu, usiuruke:

1. Juu ^l, chini ^p. Replace All. Vikomo vyote vinakuwa vya aina moja.
2. Juu weka nafasi moja ya kitufe kirefu kisha ^p, chini ^p peke yake. Rudia mpaka Word iseme imebadilisha 0. Maandishi ya PDF hupenda kuacha nafasi mwishoni mwa mstari, na nafasi hiyo moja inatosha kuharibu hatua ya nne.
3. Kama kuna maneno yaliyogawanywa kwa kistari mwisho wa mstari, mfano "wanan-" juu na "chi" chini, juu andika -^p na chini usiandike kitu. Hapa usibofye Replace All. Bofya Find Next, soma, kisha Replace kama inafaa. Kistari cha "2024-2025" kikifutwa, mwaka wako wa fedha unakuwa namba ya ajabu.
4. Juu ^p^p, chini @@@. Aya za kweli zimewekewa vijiti.
5. Juu ^p, chini nafasi moja. Mistari yote iliyokatika inaungana. Skrini itatisha kidogo hapa, endelea.
6. Juu @@@, chini ^p. Aya zinarudi mahali pake.
7. Juu nafasi mbili, chini nafasi moja. Rudia mpaka 0.
8. Juu ^p na nafasi moja, chini ^p. Inafuta nafasi iliyobaki mwanzoni mwa aya.
9. Juu ^p^p, chini ^p. Rudia. Hii inaondoa mistari mitupu iliyosalia.

Katika hatua ya mwisho Word inaweza kuendelea kusema imebadilisha 1 kila ukirudia, bila kufika 0. Acha. Waraka wa Word hauwezi kukosa ¶ ya mwisho kabisa, na ¶ iliyogusana na jedwali nayo ina ukaidi wake.

Usirudishe nafasi kati ya aya kwa kupiga Enter mara mbili. Chagua aya zote, fungua mpangilio wa Paragraph, na kwenye After weka 6 au 8. Nafasi itakaa sawasawa waraka mzima, na ukitaka kuibadilisha mwezi ujao unabadilisha mara moja.

## "Katiba yangu haina mstari mtupu kati ya aya"

Hili nalisikia sana, na ni kweli. PDF nyingi zikikopiwa zinaleta ¶ moja tu kila mahali, kwa hiyo ^p^p haipati kitu. Tumia nukta. Aya nyingi huisha kwa nukta, na mistari mingi iliyokatika haiishi kwa nukta. Basi hatua ya nne badala yake iwe: juu .^p na chini .@@@

Kutakuwa na mistari michache iliyoishia kwa nukta kwa bahati tu, katikati ya aya. Hiyo itajitenga, na utaiunganisha kwa mkono wakati wa kusoma. Kuunganisha aya chache kwa mkono ni kazi ya muda mfupi ukilinganisha na kurasa 20.

## Ibara, vipengele na vichwa

Katiba si maelezo matupu. Ina "Ibara ya 7", ina (a), (b), (c), ina namba 1 hadi 12. Kipengele kisichoisha kwa nukta kitamezwa na jirani yake katika hatua ya tano. Kwa hiyo kabla ya hatua ya tano, viwekee vijiti navyo:

- Juu ^pIbara, chini @@@Ibara
- Juu ^pSEHEMU, chini @@@SEHEMU, na ubofye Match case ili herufi kubwa tu zihusike
- Juu ^p( chini @@@(
- Kwa mistari inayoanza na tarakimu: juu ^p^# na chini @@@^&

Hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. ^# ni tarakimu yoyote. ^& ni "kilekile ulichokipata", kwa hiyo namba yako haipotei; inawekewa kijiti mbele tu. Hatua za 5, 6 na 8 zitamalizia usafi. Lakini tembea nayo moja moja kwa Find Next, kwa sababu mstari unaweza kuanza na "2012" au "500 kwa mwezi" katikati ya sentensi, na hilo si kipengele.

Namba ambazo Word imeziweka yenyewe kwa kitufe cha orodha hazitapatikana kwa njia hii, maana si herufi zilizochapwa. Zilizotoka kwenye PDF kwa kawaida ni herufi, ndiyo maana njia inafanya kazi.

## Usivyopaswa kuviunganisha

Nyimbo za kwaya ni za kwanza. Kila mwaka kwaya za parokia na mitaa zinachapa vitabu vya nyimbo, na kila mstari wa ubeti umekatwa kwa makusudi. Ukiendesha hatua zile tisa juu ya wimbo, umeuua. Kwa nyimbo na mashairi fanya kinyume: ndani ya ubeti tumia kikomo cha mstari, na mwisho wa ubeti kikomo cha aya. Chagua ubeti mmoja bila ¶ yake ya mwisho, kisha juu ^p, chini ^l, Replace All, jibu hapana kwa swali la kuendelea. Ubeti mzima sasa ni aya moja yenye mistari yake. Ukiamuru usigawanyike kati ya kurasa mbili, kwa kuwasha Keep lines together kwenye Paragraph, utatii.

Vilevile acha anwani za barua, sehemu za sahihi, orodha za mahudhurio na maswali ya kuchagua ya mitihani. Hivyo vinategemea mistari kukaa ilivyo.

## Kurasa tupu na ukurasa uliolala

Ukurasa mtupu unaogoma kuondoka mara nyingi una kikomo cha ukurasa ndani yake, au ¶ nyingi ambazo mtu alipiga Enter mpaka afike ukurasa mpya. Kwa kikomo: juu ^m, chini pasiwe na kitu. Hakikisha Use wildcards haijawashwa, maana ikiwashwa ^m inakamata hata vikomo vya sehemu.

Swali linalofuata huwa: "Basi kila SEHEMU ya katiba itaanzaje ukurasa mpya?" Uamuru mtindo wa kichwa ufanye hivyo. Vipe vichwa vya sehemu mtindo wa Heading 1, bofya kulia juu ya mtindo huo, Modify, Format, Paragraph, kisha Line and Page Breaks, weka tiki kwenye Page break before. Kila kichwa kitaanza ukurasa wake, hata ukiongeza kurasa tatu kabla yake.

Kikomo cha sehemu kinahitaji heshima. Ndicho kinachowezesha jedwali pana, tuseme la kilo za kahawa za kila mwanachama kwa msimu mzima, kukaa kwenye ukurasa uliolala huku barua yake imesimama. Ndicho kinachoruhusu jalada lisiwe na namba ya ukurasa. Na ndani ya kikomo hicho ndimo unamotunzwa mpangilio wa kurasa zilizokitangulia. Ukikifuta, kurasa zilizo juu yake zinachukua sura ya zile za chini. Kama waraka unaishia na jedwali lililolala na ukafuta vikomo vyote vya sehemu kwa mkupuo, katiba nzima italala.

Kwa hiyo kwa ^b tumia Find Next, angalia ulipo, futa kisichohitajika kimoja kimoja. Ukiifungua PDF moja kwa moja kwa Word, jambo linalowezekana tangu toleo la 2013, vikomo vya namna hii vinaweza kujaa. Hapo ni bora kuchagua maandishi yote na kuyapesti kwenye faili jipya kwa njia ya Keep Text Only, kisha uanze zile hatua tisa.

Na anayetaka kuweka vikomo vya sehemu mahali pa vikomo vya ukurasa atagundua kwamba ^b haikubaliki kwenye kisanduku cha chini. Njia ipo. Weka kikomo kimoja cha sehemu kwa mkono, kichague, kikopi kwa Ctrl na C. Kisha juu ^m, chini ^c. ^c maana yake ni "weka nilichokikopi".

## Wanaotumia LibreOffice

LibreOffice Writer ni ya bure na inatosha kabisa kwa katiba na mihtasari. Ctrl na H inafungua chombo kilekile, ila lugha ya alama ni nyingine. Fungua Other options na uweke tiki kwenye Regular expressions. Kisha:

- ^$ inapata aya tupu
- $ peke yake inapata mwisho wa aya
- \n kwenye kisanduku cha juu ni kikomo cha mstari. Kwenye kisanduku cha chini ni kikomo cha aya

Mpango ni uleule: ^$ iwe @@@, kisha $ iwe nafasi moja, kisha @@@ iwe \n. Vikomo vya ukurasa havipatikani kwa alama hizi, kwa kuwa LibreOffice huvitunza kama sifa ya aya. Peleka kipanya kwenye mstari wa bluu unaoonyesha kikomo na utapewa nafasi ya kukifuta.

## Makosa yanayojirudia

- Kutafuta ^p huku Use wildcards imewashwa. Word itagoma. Ukiwa kwenye hali hiyo andika ^13. Mashine za zamani za kupeleka maandishi kwa waya zilihitaji amri ya kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, na amri hiyo ikapewa namba 13. Ndiyo hiyo tunayoitumia bado.
- Kuambiwa hakuna kilichopatikana wakati unakiona. Angalia chini ya kisanduku cha juu kama kuna maneno kama "Font: Bold". Ni masharti yaliyobaki kutoka kazi iliyopita. Bofya No Formatting, jaribu tena.
- Kubadilisha mpangilio wa hatua. Ukianza na ya tano kabla ya ya nne, hakuna tena cha kuonyesha aya ilikuwa wapi. Ctrl na Z mara moja, kabla hujalifunga faili.
- Kufanyia kazi PDF iliyotokana na picha. Kama katiba ilipigwa picha au kuskaniwa, huwezi kuchagua neno moja ndani yake, basi hakuna herufi za kutafuta. Omba faili la asili kwa aliyeiandika, ni haraka kuliko yote.
- Kufanya kazi hii kwenye simu. Alama hizi zinahitaji kompyuta. Ukikosa, beba faili kwenye flashi mpaka duka la steshenari, na ukae pembeni ya mchapaji ukimsomea hatua.

## Kusoma mwisho

Ukimaliza, zima alama zilizofichwa na usome waraka wote ukiwa na PDF ya mwanzo pembeni. Hesabu ibara za pande zote mbili. Zikitofautiana, kuna iliyomezwa. Tazama viwango vya ada, faini na hisa kimoja kimoja. Kwenye katiba ya kuazima, tafuta pia jina la kikundi kilichokupa, maana hujificha kwenye kurasa za nyuma na juu kabisa kwenye kichwa cha ukurasa.

Na nina ombi kwako katibu uliyemaliza kazi. Kikundi cha jirani kikikuomba katiba, tuma PDF kwa ajili ya kusoma na tuma pia faili la Word ulilolisafisha. Mwenzako wa Kihagara au Litembo asilazimike kuanza tena pale ulipoanza wewe.